Kikokotoo cha Grafu na Vigawo vya Polinomia: Jibu kwa Msomaji

Msomaji anayesoma aljebra katika chuo kimoja cha Marekani ameniuliza kwa nini anakatwa alama katika maswali ya kutafuta vigawo vya polinomia ilhali majibu yake yote ameyapata kwenye TI-84 Plus, kikokotoo kinachochora grafu. Swali hilo limenigusa, kwani nilifika huko nikitoka sekondari ya Tanzania, tulikochora grafu kwa rula na penseli kwenye karatasi ya miraba, na mwalimu mmoja akapendekeza nirudishwe darasa la wanaoanza kwa sababu tu sikuvijua vitufe. Maneno yale yananiuma hadi leo. Muhula uliopita nimeimaliza kozi hiyo kwa alama ya A, na ninajivunia.

Chukua polinomia 6x³ − 11x² − 26x + 15, ambayo tunataka kuiandika kama zao la vigawo vyake. Ukiichora katika dirisha la kawaida, linaloishia −10 na 10, utaona vipande tu, kwa kuwa mkunjo wake hupanda hadi karibu 26 na kushuka hadi −33. Weka Ymin (mwisho wa chini wa dirisha) −40 na Ymax (mwisho wa juu) 40, nao utaonekana wote ukikata mhimili wa x mara tatu. Kisha bonyeza 2nd na TRACE, chagua zero, na uonyeshe mpaka wa kushoto na wa kulia wa kila mkato. Utapata 3, 0.5 na −1.666667.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo alama zinapopotea, kwa sababu desimali si vigawo. Jawabu lolote, yaani thamani ya x inayoifanya polinomia hii kuwa sifuri, likiwa sehemu iliyorahisishwa, lazima kiasi chake kiigawe 15, namba ya mwisho, na asili yake iigawe 6, namba ya mwanzo, kwa hiyo −1.666667 ni −5/3, na kigawo chake ni 3x + 5. Jibu ni (x − 3)(2x − 1)(3x + 5). Anayeandika (x − 3)(x − 1/2)(x + 5/3) ameiacha ile 6 ya mwanzo.

Ndugu zangu, msiione haya hesabu ya mkono mliyofundishwa nyumbani. Gaweni kwa mkono, zidisheni tena, hakikisheni. Katika x³ − 2x² + x − 2 grafu hukata mhimili mara moja tu, penye 2, na kikokotoo hakisemi lolote zaidi. Ni kugawa kwa x − 2 kunakokupa x² + 1, ambayo haivunjiki tena kwa namba halisi. Mkunjo unaougusa mhimili na kurudi bila kuukata nao una kigawo kinachojirudia, nacho kiandikwe angalau mara mbili.