Jedwali la elementi: kabla ya kukariri, tazama elektroni za nje

Kwa muda mrefu niliamini nalijua jedwali la elementi. Zile 20 za mwanzo nilizitaja bila kuvuta pumzi, kuanzia hidrojeni hadi kalsiamu. Kisha mtihani mmoja ukauliza: kwa nini grafiti hupitisha umeme ilhali kaboni si metali? Majina nilikuwa nayo, namba za atomi nilikuwa nazo, jibu sikuwa nalo. Iliniuma, nikabadili namna yangu ya kusoma.

Ushauri wangu ni huu: anza na elektroni za mzingo wa nje, yaani zile zilizo mbali zaidi na kiini cha atomi. Sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa 2, 8, 1 kuanzia mzingo wa ndani. Ile moja ya mwisho haikushikwa sana na kiini, ndiyo maana huachiwa kwa urahisi. Klorini ina 17, yaani 2, 8, 7. Imebakiza moja tu mzingo ujae, basi huinyakua inapoipata. Metali hutoa elektroni; simetali huzipokea au hushirikiana. Mengi niliyokuwa nikiyameza kama orodha yanachipuka hapo.

Shika waya wa shaba. Ukiukunja haukatiki, ukiugonga kwa nyundo unakuwa bapa. Elektroni za nje za shaba hazina atomi moja ya kukaa. Zinatembea kotekote ndani ya waya, na zinaendelea kuzishikilia atomi pamoja hata safu moja inapoteleza juu ya nyingine. Hizo hizo ndizo zinazobeba umeme na joto. Salfa haina elektroni huru za namna hiyo: donge lake ukiligonga linasagika, na umeme haupiti.

Sasa turudi kwenye ile grafiti ya mtihani, kupitia kalamu ya risasi. Jina linatupoteza, kwa sababu ndani yake hamna risasi hata chembe. Mna grafiti, yaani kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Chukua kipande kifupi cha penseli, kichonge pande zote mbili, kisha ukiunganishe kwa nyaya na betri za tochi na balbu yake. (Betri ndogo tu. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa.) Nilipofanya hivyo mara ya kwanza balbu iliwaka kwa mwanga hafifu, nikabaki nikiitazama. Katika grafiti kila atomi ya kaboni imeungana na tatu jirani, na elektroni yake ya nne inabaki na uhuru wa kusafiri. Katika almasi zote nne zimefungwa kwenye viungo, kwa hiyo haipitishi umeme, ingawa nayo ni kaboni tupu. Jibu la mtihani wangu lilikuwa hilo.

Ukishuka kundi la kwanza, yaani safu wima ya kushoto kabisa ya jedwali, elektroni ya nje inazidi kuwa mbali na kiini, na kuiachia kunazidi kuwa rahisi. Lithiamu majini hutoa mapovu taratibu. Sodiamu huyeyuka ikawa tone linalokimbia juu ya maji. Potasiamu huwaka kwa mwali wa zambarau. Kwenye kundi la klorini mambo ni kinyume, maana huko kazi ni kuvuta elektroni, na umbali huidhoofisha: florini ni kali, iodini ni pole. Mimi nilikariri hizi kama kanuni mbili, kumbe sababu ni moja.

Vighairi vipo. Zebaki ni metali lakini ni kimiminika, na hidrojeni imewekwa juu ya metali ilhali ni gesi. Viandike pembeni, vitazoeleka.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linafuata nyayo za Mendeleev, mkemia wa Urusi aliyezipanga elementi katika jedwali. Mwaka 1869 aliacha nafasi tupu kwenye jedwali lake, akatabiri tabia za elementi ambazo hakuna aliyewahi kuziona; galiamu ikapatikana 1875. Nawe funika elementi moja kwa kidole, uitabiri kwa kutazama majirani zake. Funika rubidiamu, namba 37, chini ya potasiamu. Lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 180 za Selsiasi, sodiamu 98, potasiamu 63. Andika makadirio yako kwanza, pamoja na unavyodhani itafanya ikitumbukia majini, ndipo ufungue kitabu: nyuzi 39, na majini hulipuka.