Wakala akisema "hoteli haijatulipa"

Ndugu, umefunga AC kwenye hoteli hapo Malindi kupitia wakala wa Nairobi, siku 30 za malipo zimepita, na jibu ni lile lile: hoteli haijatulipa.

Soma mkataba kwanza. Kama hamna kifungu kinachosema utalipwa mteja akishalipa, deni ni la wakala. Usiende kuzozana na hoteli.

Kisha mpigie mhasibu, si yule aliyekupa kazi, umuulize: ankara yangu imekwama wapi? Mara nyingi imekwama kwa karatasi. Tangu Januari 2024, ankara isiyotoka eTIMS (mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi, wa ankara za kielektroniki) haimruhusu wakala kuondoa gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi, basi huiweka kando bila kukuambia. PIN ya wakala (namba yake ya kodi) ikikosewa herufi moja kwenye ankara, mambo ni yale yale. Ambatisha fomu ya kukabidhi kazi yenye sahihi ya msimamizi wa hoteli na tarehe. Hii ndiyo mafundi wengi huisahau, na bila yake wataanza kubisha kama kazi iliisha.

Karatasi zikiwa sawa, andika barua ya madai: kiasi, namba ya ankara, na siku 14 za kulipa. Wakituma nusu, usitie sahihi popote penye "malipo ya mwisho".

Wakinyamaza, mahakama ya madai madogo hupokea madai hadi shilingi 1,000,000, wakili si lazima, na sheria inataka hukumu ndani ya siku 60. Anzia kuuliza masjala ya mahakama hapo Malindi.

Ukilipwa ukakuta 3% imekatwa, hiyo ni kodi ya zuio, yaani kodi yako ambayo mlipaji huikata na kuipeleka KRA. Dai cheti chake.