Ulizeni homa ilianza lini

Wadogo zangu mnaokuja Lindi na Mtwara kukusanya sampuli za damu, mashine za chuo hazitawasumbua kama swali moja la kwenye fomu: homa ilianza lini?

Mwaka wangu wa kwanza, gari likiwa linangoja, nilimjazia bibi mmoja tarehe ya siku niliyomtoa damu. PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu, ya homa ya mgunda (leptospirosis, ugonjwa wa bakteria utokao kwa wanyama) ikatoka hasi. Baadaye mjukuu wake akaniambia bibi alikuwa na siku kumi na mbili kitandani. Bakteria wa mgunda huonekana kwenye damu zaidi wiki ya kwanza. Wiki ya pili unatafuta kingamwili. Nilimtafuta mgeni sebuleni, naye keshaaga.

Ukiuliza "tarehe ngapi?" utapewa tarehe ya kukuridhisha tu. Shikamoo kwanza, kaa, kisha uliza: kabla ya mnada wa korosho au baada? Ijumaa ile ulikwenda msikitini? Na ukikaribishwa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kula. Fomu zangu nzuri zote zilijazwa pale penye sahani.

Jambo jingine ni namna ya kuandika jibu hasi. Julai 2022, Ruangwa, watu waliugua homa na kutokwa damu puani. Ilitangazwa wagonjwa 20, watatu wakafariki. Ebola, Marburg na Uviko-19 havikuonekana, ndipo ikajulikana ni mgunda. Kwa hiyo andikeni "Marburg haikuonekana". Msiandike "hana ugonjwa". Chikungunya, homa ya virusi vya mbu, nayo ilitambuliwa huku huku, uwanda wa Wamakonde, mlipuko wa 1952, na jina lake ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu. Mkiona homa na viungo kuuma, msiishie kwenye malaria.

Matende yana saa zake. Vijinyoo vyake hujaa kwenye damu ya pembeni usiku, kama saa nne hadi saa nane. Slaidi ya mchana inaweza kuonekana safi kabisa. Kipimo cha haraka cha antijeni, yaani chembe zinazotoka kwa minyoo yenyewe, hakichagui saa, ila kisome kwa dakika zilizoandikwa, maana kikikawia mstari wa uongo hujitokeza.

Sasa, mgeni anayetoa watu damu usiku wa manane, pwani hii, ana jina lake: mumiani, mnyonya damu wa hadithi za kutisha. Tuliwahi kufukuzwa kijiji kimoja kwa mapanga kabla ya kufungua sanduku. Siku hizi natangulia mchana kwa mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa jamii, na usiku, mbele ya watu wote, kidole cha kwanza kuchomwa ni changu.