Re: Likizo nimepata ila akili haitulii, nifanyeje?

Mambo mkuu. Umesema uko nyumbani Moshi tangu juzi ila akili bado iko ofisini Dar na usiku hulali. Mimi ningeanza na simu: magrupu ya kazi na ya michango yazime sauti mpaka Januari 2, mwenye dharura atapiga.

Asubuhi kabla hujaishika simu, toka nje na chai yako, inywe taratibu, vuta pumzi ukihesabu hadi 4 toa hadi 6, ile kutoa polepole ndo inashusha mapigo ya moyo. Ada za Januari ziandike kwenye karatasi, zikibaki kichwani zitazunguka usiku kucha. Na ndugu wote huwamalizi kuwatembelea aisee, anza na wazee, ukikaa na bibi jikoni mnamenya ndizi za mtori mchana mzima inatosha kabisa.