Matunda ya kubeba kwenda Ulaya bila cheti ni matano tu

Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Entebbe kwenda nchi ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kubeba nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani bila cheti cha usafi wa mimea, yaani hati ya serikali ya nchi anakotoka kwamba mmea hauna wadudu wala magonjwa. Tunda jingine lolote ambalo halijasindikwa, hata limau moja ndani ya mkoba, linadai cheti. Utaratibu huu ulianza tarehe 14 Desemba 2019. Kabla ya hapo kifurushi kidogo cha kula mwenyewe kilikuwa kikipita, ndiyo maana wengi bado wanaamini maembe mawili matatu hayana neno. Yana neno: msamaha wa sasa huangalia aina ya tunda, hauangalii uzito.

Hofu kubwa ni nzi wa matunda, hasa Bactrocera dorsalis, mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga chini yake mayai meupe ya takriban milimita moja, na baada ya siku chache funza huanza kula nyama ya tunda. Kuosha embe au kulifuta kwa siki hakumfikii. Funza akikomaa hutoka, hujichimbia udongoni na kuibuka nzi. Tunda bovu lililotupwa bustanini linatosha kuanzisha kizazi.

Ndizi zote zimo kwenye msamaha, za kupika na za kuivisha. Chukua za kijani, ngumu, zisizopasuka. Nzi huyu hupata shida sana kukua ndani ya ndizi changa. Lakini msamaha ni wa tunda peke yake. Ukiifunga zawadi yako kwa majani mabichi ya mgomba umeongeza sehemu ya mmea inayotaka cheti chake. Tumia karatasi.

Je, embe haliwezi kupata cheti? Kisheria linaweza. Kenya cheti hutolewa na KEPHIS, Tanzania na TPHPA, mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo, na kisitolewe zaidi ya siku 14 kabla ya mzigo kuondoka nchini. Ugumu uko kwenye tamko la ziada linaloandikwa kwenye cheti. Embe litoke eneo lililothibitishwa halina nzi, au shamba lililokaguliwa angalau kila mwezi kwa miezi 3 kabla ya kuvuna, au liwe limepitia tiba inayokubalika, na asili yake ifuatiliwe. Embe la sokoni halina kumbukumbu hizo, na mkaguzi hawezi kuzibuni. Kwa msafiri wa kawaida ushauri wetu ni mmoja: acha embe bichi na bivu, beba lililokaushwa.

Menya, ondoa kokwa (usiibebe, ni mbegu), kata vipande vya milimita 5 hadi 8, kausha kwa joto la nyuzi 60 hivi mpaka kipande kikikunjwa kisitoe maji. Ukianika juani funika kwa chandarua. Kosa la kawaida ni kufunga vipande vikiwa bado vuguvugu: mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko na ukungu huota.

Ukifika na tunda lenye shaka, pita njia nyekundu ya forodha ulitangaze. Lisilotangazwa huchukuliwa, na faini inaweza kufuata. Uingereza ina orodha yake ya misamaha. Isome kabla ya kufunga sanduku.