Maswali Yenu: Shotigani za Nyundo za Bei Nafuu

Barua za toleo hili zote zinahusu shotigani za mitutu pacha zenye nyundo nje. Majaribio yote yanayoelezwa hapa, isipokuwa yale ya kupiga risasi, yafanyike bunduki ikiwa tupu. Ifungue, tazama chemba zote mbili, kisha tia kidole uhakikishe. Ubadilishaji wowote ufanywe na fundi mwenye leseni.

SWALI: Ndugu wahariri, kibali ninacho na nataka shotigani ya kupigia kanga na kwale msimu ukifunguliwa. Muuzaji amenionyesha mbili za geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu). Moja ni mpya, ya Uturuki, imechorwa ndege na maua na mbao yake inang'aa. Nyingine ni Baikal ya Urusi iliyotumika, nyeusi tupu, kitako chake kama mpini wa jembe. Bei zinakaribiana. Nikague nini pale pale kaunta? *Msomaji, Mufindi*

JIBU: Kwanza yasahau maua. Kwenye bunduki za bei hiyo nakshi huchorwa na leza au kukandamizwa na mashine, na mtengenezaji haimgharimu kitu. Gharama iko kwa fundi anayekaa na tupa akilinganisha mitutu na bodi (chuma cha kati kinachoishika mitutu) mpaka vishikane, na kiwanda kikitaka kupunguza bei huanzia hapo.

Mwombe muuzaji aondoe ubao wa mbele, ule ulio chini ya mitutu. Wengi huikagua bunduki ubao ukiwa mahali pake, na springi yake huikaza mitutu na kuficha ulegevu. Ukishaondolewa, funga bunduki, shika shingo ya kitako, itikise juu na chini, kisha kulia na kushoto. Mgongano wowote unaousikia kiganjani, hata mdogo, ni ulegevu wa pini ya bawaba au wa komeo, na kila risasi itauongeza.

Sasa ielekeze kwenye taa, utazame pale mitutu inapokutana na ukuta wa bodi. Mwanga usipite. Fila geji (kibanzi chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.10 isiingie, na ikiingia ya 0.15, rudisha bunduki kaunta. Halafu tazama wenzo wa juu, ule unaosukumwa kufungua bunduki. Bunduki mpya ikifungwa, wenzo husimama kulia kidogo mwa mstari wa katikati. Umeachwa hivyo makusudi: komeo likilika huzidi kuingia ndani, na wenzo husogea kuelekea katikati. Kwenye Baikal iliyotumika, wenzo uliofika katikati unaonyesha umri tu, lakini uliovuka kushoto unadai fundi kabla ya risasi nyingine. Wenzo wa katikati kwenye bunduki mpya ni mbaya kuliko huo wa Baikal, kwa sababu imetoka kiwandani ikiwa imekwisha kula akiba yake.

Ukiruhusiwa, paka ukuta wa bodi na meno ya chini ya mitutu masizi ya mshumaa, funga, kisha fungua. Masizi yafutike kwenye eneo pana. Yakifutika kwenye nukta moja inayong'aa, ujue nukta hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote. Itabondeka mapema, na bunduki iliyobana dukani italegea shambani. Hivi ndivyo bunduki nyingi nafuu zinavyowadanganya wanunuzi: zimebana kweli, lakini zimebania mahali padogo.

Itoe mitutu, itundike kwa jino lake kwenye kamba, na uondoe kivuta maganda kama kinatoka. Igonge kwa kifundo cha kidole. Sauti iwe ndefu na safi. Ikiwa fupi na kavu, au ina mtetemo wa kukereza, lehemu ya utepe unaounganisha mitutu imeachia mahali fulani. Ukiona mstari mwembamba unaozunguka mitutu sentimita chache kutoka nyuma, usishtuke. Hapo ndipo mabomba mawili yalipoingizwa kwenye kitalu kimoja cha chuma, njia ya ujenzi iliyo nafuu na imara pia.

Chungulia ndani ukielekeza dirishani. Vivuli vya duara unavyoviona viwe na kitovu kimoja. Kivuli kilichopinda ni bonyeo au uvimbe. Pitisha vidole kwa nje utajua ni kipi. Bonyeo fundi hulinyanyua. Uvimbe ni chuma kilichokwisha kuvutika na kuwa chembamba, na hautengenezeki kwa pesa inayolingana na bei ya bunduki hii. Mitutu ya Baikal imepakwa kromu ndani, jambo zuri sana kwa mwenye kusahau kusafisha, ila tazama karibu na chemba kama kromu imebanduka. Ikishabanduka, kutu hutambaa chini yake.

Zamu ya nyundo. Tia risasi bandia ili pini zinazowasha risasi zisipige hewa. Vuta nyundo zote mbili: zisimame sambamba. Fyatua moja moja. Nyundo nyingi za kisasa hupiga pini kisha hurudi zenyewe milimita mbili au tatu. Ikisharudi, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio, na isiifikie pini. Ikiifikia, bunduki iliyojazwa inaweza kulia kwa kuanguka tu, hata kama nyundo ziko chini. Kisha vuta nyundo mpaka mwisho na uisukume kwa nguvu kutoka nyuma. Ikiteleza, mazungumzo na muuzaji yamekwisha.

Uzito wa vifyatulio pima kwa mizani ya springi. Cha mbele kilo 1.6 hadi 2, cha nyuma kizidi kidogo. Bunduki nafuu nyingi huja na kilo 3 au zaidi, nayo ni kero inayotengenezeka. Kifyatulio chepesi mno ndicho cha kuogopa, hasa kwenye bunduki iliyotumika, maana huenda mtu amekwisha kukaa na jiwe la kunolea akakinoa. Mikato ya skurubu itakueleza: iliyochakaa kingo inaonyesha bunduki imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi.

Mbao mwisho. Ni vizuri ipande juu ya chuma kwa milimita 0.3 hadi 0.5, kwa sababu miaka ikipita itasuguliwa na kupakwa mafuta tena. Ubaya ni uwazi kati ya kichwa cha kitako na bodi. Teke la risasi litabebwa na pembe moja tu inayogusa, na ufa utaanzia hapo hapo. Bunduki za nyundo ambazo mtambo wake umechimbiwa kwenye shingo zina mbao kidogo zaidi mahali hapo, kwa hiyo mishipa ya mbao lazima iifuate shingo, isiikate mshazari. Vanishi nene nyekundu mara nyingi imewekwa ili usiione mishipa hiyo.

Zote mbili zikifaulu, chukua Baikal. Baikal ikishindwa, ya Kituruki ichukue tu ikishinda jaribio la masizi. Muuzaji asiyekubali ubao wa mbele uondolewe, muage.

SWALI: Habari za kazi. Naishi Texas na nimeingia kwenye mashindano ya kikauboi ya Single Action Shooting Society. Nimenunua nakala ya Kichina ya shotigani ya Colt ya Marekani ya mwaka 1878, mitutu ya inchi 20. Ni ngumu kufungua, maganda yanakwama, na nyundo zinanikata gumba. Nimeuziwa mbovu? *Msomaji, Texas*

JIBU: Hapana. Umenunua bunduki ambayo kazi yake ya mwisho haikumaliziwa. Colt ya asili ilitengenezwa kati ya 1878 na 1889 na ililinganishwa kwa mkono. Nakala yako imekuachia wewe kazi hiyo. Chuma chake kwa kawaida ni kizito na kinatosha.

Anza na risasi kabla ya bunduki. Risasi za bei rahisi mara nyingi zina kofia (kile kikombe cha nyuma ya ganda) ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba. Chuma hicho kikishatanuka hakirudi upesi, nacho huganda kwenye chemba. Jaribu sanduku moja la risasi zenye kofia ya shaba halisi. Sumaku itakuonyesha tofauti. Maganda yakitoka kwa kuitikisa bunduki tu, umeokoa pesa ya fundi.

Yakiendelea kukwama, chemba ina mikwaruzo ya duara iliyoachwa na kifaa cha kukatia. Fundi huisugua kwa brashi ya kusugulia ya geji 12, chembechembe namba 400 kisha 800, ikizungushwa na drili ya mwendo mdogo na mafuta mengi, sekunde kumi hivi kila mara, akiosha na kutazama. Lengo ni kung'arisha. Akipanua chemba, ganda litavimba zaidi na atakuwa amezidisha tatizo ulilotaka kuliondoa.

Ncha za nyundo fundi azipitishe tupa laini kwenye kingo zinazokata, kisha msasa. Asiguse mahali nyundo inapopiga pini, wala mikato ya ndani inayoishika ikiwa imevutwa. Ugumu wa kufungua usiutatue kwa tupa kwenye meno ya mitutu. Paka grisi kwenye pini ya bawaba na kwenye meno, ifungue na kuifunga mara nyingi, halafu tazama mahali panapong'aa. Pakibaki pagumu, fundi atapapunguza mahali hapo tu. Pima pia pini zinavyochomoza ukutani nyundo ikiwa imesukumwa mbele: milimita 1.0 hadi 1.5, ncha iwe mviringo. Ncha kali hutoboa fataki (kiwashio kilicho nyuma ya risasi) na kurudisha gesi nyuma usoni.

SWALI: Kuna mzee anauza shotigani ya nyundo ya Kibelgiji, ina herufi ELG ndani ya duara la yai. Risasi za kawaida za dukani zinaingia vizuri kabisa. Je, ni salama? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Risasi kuingia hakuthibitishi chochote. Urefu unaoandikwa kwenye sanduku, milimita 70, ni wa ganda likiwa limekwisha kupigwa na mdomo wake kufunguka. Kabla ya hapo ni fupi, hivyo huingia bila taabu hata kwenye chemba ya milimita 65 ya bunduki za zamani. Ikipigwa, mdomo hufungukia ndani ya sehemu inayobana mbele ya chemba, njia ya risasi hupungua na shinikizo hupanda.

ELG ni mhuri wa majaribio wa Liège, mji wa Ubelgiji. Ulio na taji juu yake ni wa 1893 au baadaye. Mhuri huo peke yake hauonyeshi kuwa bunduki ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Tafuta simba aliyesimama juu ya herufi PV. Usipomwona, ichukulie kuwa ya baruti nyeusi, na usiipigie risasi hizo za dukani. Ondoa pia ubao wa mbele utazame chini ya mitutu: mistari ya mawimbi kwenye chuma ni ya mitutu ya Damaski, iliyosokotwa kwa vipande vya chuma na kuchomelewa. Hiyo ni ya kutundikwa ukutani, na hata huko inahitaji kibali.

SWALI: Shotigani yangu mpya, mtutu wa kulia unapiga kushoto. Nalenga vibaya mimi, au kosa ni la bunduki? *Msomaji, Nanyuki*

JIBU: Mitutu pacha haikulazwa sambamba. Huelekezwa kukaribiana mdomoni, kwa sababu teke la mtutu wa kulia huipeleka bunduki kulia na la kushoto huipeleka kushoto kabla risasi haijatoka. Kuipatia pembe hiyo ni kazi ya kujaribu na kurudia, na kwenye bunduki nafuu hurukwa.

Tundika karatasi pana mita 36, weka alama katikati, pumzisha mkono unaoshika ubao wa mbele kwenye mfuko wa mchanga bila kuigusisha mitutu. Piga mara tano kwa kila mtutu, karatasi mpya kila risasi. Chora duara la sentimita 76 mahali marisaa yalipojaa, utafute kitovu chake. Vitovu vya mitutu miwili vikiachana chini ya sentimita 10, usihangaike. Vikizidi 20, irudishe dukani kwa udhamini. Katikati ya hapo badilisha chapa na uzito wa risasi kwanza, maana mwendo mwingine wa risasi huhamisha vitovu. Karatasi hizo hizo zitakuonyesha choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu: iliyobana kabisa huingiza takriban asilimia 70 ya marisaa ndani ya duara, ya kati 60, isiyobana 40. Usiamini nyota za kuonyesha choki zilizogongwa kwenye mitutu kabla ya kuhesabu.

SWALI: Rangi ya mitutu imechujuka kwa chumvi ya bahari. Fundi anataka kuitumbukiza kwenye dawa ya moto ili iwe nyeusi upya. Nikubali? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Usikubali. Dawa hiyo ni magadi makali yanayochemka karibu nyuzi 140. Tepe za mitutu pacha huwa zimeshikwa kwa lehemu laini ya madini ya risasi na bati, na magadi huila. Yanayobaki chini ya utepe hutoka polepole kwa miezi, yakila chuma kutoka ndani. Mwambie atumie njia ya kutu: kupaka asidi dhaifu, kuacha mitutu ipate kutu nyepesi, kuichemsha kwenye maji safi, kuisugua kwa brashi laini, na kurudia mara kadhaa mpaka iwe nyeusi. Kazi ni ya siku nyingi, na bei itakuwa kubwa zaidi. Kama hana njia hiyo, safisha kutu kwa mafuta na pamba laini ya chuma namba 0000, paka mafuta kila wiki, uiache ilivyo.