Maswali na Majibu ya Mitambo ya Sauti: Anzeni na Programu Tupu

Katika maswali yaliyonifikia mwezi huu nimechagua haya machache, kwa sababu karibu yote yamezaliwa na kosa moja: mtu ananunua prosesa ya efekti, yaani mashine ya kuongezea sauti mwangwi na mapambo mengine, anaiwasha, anazungusha kitufe mpaka anapokutana na programu ya kiwandani (mpangilio uliokwisha kuhifadhiwa ndani) yenye jina la kupendeza, kisha anaiacha hapo miaka mitatu.

Fundi, kanisa letu hapa Mbale lina kuta za matofali, sakafu ya saruji na paa la bati. Tumeweka programu ya ukumbi mkubwa kwenye maiki zote, lakini waumini wanalalamika kwamba hawasikii maneno ya mhubiri. Tuongeze spika?

Msiongeze spika. Nyumba yenye saruji chini, matofali pembeni na bati juu ina rivabu yake tayari, yaani mvumo wa sauti inayorudi kutoka kutani, na hiyo haizimwi kwa kitufe. Ingieni siku ambayo kanisa ni tupu, mmoja wenu asimame katikati, apige kofi moja kwa nguvu, nanyi msikilize sauti inavyokwenda na kurudi mpaka imalizike. Ikichukua sekunde mbili, na juu yake mkaongeza programu ya sekunde tatu, silabi ya kwanza ya neno itakuwa ingali inaning'inia chini ya bati wakati mhubiri ameshafika silabi ya kumi, na hapo hata spika kumi hazitamsaidia msikilizaji.

Ondoeni rivabu kabisa kwenye maiki ya mhubiri, leo hii. Kwa kwaya, fungueni programu tupu, isiyo na efekti yoyote, muiite rivabu peke yake, kisha muanze na muda wa sekunde 1.2. Kumbukeni kwamba namba hiyo ni muda ambao sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60, kwa hiyo tofauti kati ya 1.2 na 2.5 si ndogo kama inavyoonekana kwenye kioo. Wekeni pridilei (kusubiri kabla rivabu haijaanza) ya milisekunde 30, yaani takriban muda ambao sauti hutumia kusafiri mita kumi, ili konsonanti ya neno itoke safi kabla mkia wa rivabu haujaanza. Halafu kateni sauti nzito zote zilizo chini ya Hz 250 (mitetemo 250 kwa sekunde) kwenye rivabu yenyewe, si kwenye maiki, kwa maana huko chini ndiko besi na ngoma hugeuka kuwa tope. Hifadhini programu mbili: moja kavu kidogo ya mazoezi ya Jumamosi, nyingine ya Jumapili iliyoongezwa rivabu kidogo, kwa kuwa miili na nguo za watu hunyonya sauti na kanisa lililojaa si nyumba ileile mliyoipigia kofi.

Niongeze jambo ambalo hamkuuliza. EMT 250, mashine ya Ujerumani ya mwaka 1976 iliyotangulia nyingine zote katika rivabu ya dijitali, ilikuwa na mikono mikubwa ya kusukuma, na fundi hakuwa na budi kuchagua muda wa rivabu kwa mkono wake huku akisikiliza. Programu za kiwandani za siku hizi zimetengenezwa zimvutie mteja anayejaribu mashine kwa nusu dakika dukani, akiwa na spikamasikio na gitaa moja lisilo na mwenzake. Ndiyo maana zimejaa kupita kiasi, na ndiyo maana huzama mara bendi nzima inapoanza kupiga.

Niweke namba ngapi ili sauti iwe nzuri? (Wasomaji wanne, wote wa Kampala.)

Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko jingine lolote, na sitalijibu tena mpaka mwulizaji aniambie ni chombo gani, katika chumba gani, na wimbo una kasi gani.

Dilei ya gitaa langu, ile efekti ya kurudia sauti, inapigana na ngoma. Nimefuata mafunzo ya video yanayosema niweke noti ya nane yenye nukta, yaani robo tatu ya pigo, lakini bado. Tunapiga nyimbo za asili za Buganda.

Huyu ameuliza vizuri, na kosa si lake. Hesabu ya msingi ni kugawa 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, ili kupata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 96 una pigo la milisekunde 625. Waalimu wa video huchukua robo tatu ya hapo, ambayo ni takriban 469, na kwa muziki unaogawa pigo katika sehemu mbili na nne hesabu hiyo hupendeza sana. Lakini baakisimba, ngoma ya asili ya Baganda, hugawa pigo katika sehemu tatu. Ukipeleka robo tatu mahali panapotaka theluthi, kila mrudio wa gitaa lako utaangukia kati ya mapigo mawili ya ngoma, na mpiga ngoma atadhani umepoteza kasi. Gawa 625 kwa tatu upate 208, au chukua theluthi mbili, ambazo ni 417. Weka marudio mawili tu, upunguze sauti kali za marudio hayo, kisha uiache ngoma iongoze. Usitegemee kitufe cha kugonga kwa mguu ili kuipa dilei kasi ya wimbo pale bendi inapopiga bila kipima mapigo, kwa sababu kasi hupanda wimbo unapochangamka na dilei hubaki nyuma. Katika nyimbo za namna hiyo ni afadhali dilei fupi ya milisekunde 100 au chini yake, ambayo sikio halitaidai ifuate mapigo.

Nimeunganisha prosesa kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) kwa njia ya tuma na rudisha: mikisa inatuma nakala ya sauti kwenye prosesa, nayo inairudisha. Nikiongeza efekti, sauti ya mwimbaji inakuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya bomba.

Ndani ya programu yako, mchanganyiko wa sauti kavu (isiyo na efekti) na efekti umebaki nusu kwa nusu. Uweke asilimia 100 efekti, sauti kavu iwe sifuri, kwa sababu sauti kavu tayari inapita kwenye mikisa. Mashine huchukua muda mdogo kubadilisha sauti kuwa namba na kuirudisha, na ikichelewa kwa milisekunde moja tu, sauti kavu mbili zinapokutana hufutana katika Hz 500, tena 1,500, tena 2,500, na kuendelea hivyo hadi juu. Hilo ndilo bomba unalolisikia. Ikwalaiza, yaani kirekebishi cha sauti nzito na kali, haiwezi kuliponya, kwa hiyo usipoteze jioni yako huko.

Kwa waya wa MIDI, ule wa kupeleka amri kati ya vyombo, nikiita programu ya 1, prosesa inafungua ya 2.

Chombo kimoja kinahesabu kuanzia 0 hadi 127, kingine kuanzia 1 hadi 128. Toa moja.

Nimeletewa mashine kutoka Marekani yenye adapta ya volti 120. Naweza kuichomeka hapa?

Hapana. Umeme wetu ni volti 240, na adapta hiyo itaungua, pengine pamoja na mashine. Unaponunua nyingine, soma volti, ampia, na pia mchoro unaoonyesha kama katikati ya plagi ni hasi au chanya; mashine nyingi za gitaa hutaka hasi katikati.

Umeme ulikatika usiku, asubuhi programu zangu zote hazipo. Mashine ni ya miaka ya 1990.

Kukatika kwa umeme kumefichua tatizo lililokuwapo. Mashine nyingi za wakati huo hutunza programu kwa betri ndogo ya lithiamu ya volti 3, mara nyingi CR2032, nayo haichajiwi na umeme wa ukutani. Ikiisha, programu huondoka nayo, na zilizoondoka hazirudi. Badilisha betri, na ikiwa imelehemiwa umpe fundi anayejua kulehemu, kisha uzijenge upya na mara hiyo hiyo uzitume zote kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI. Mimi mwenyewe niliwahi kufika kwenye harusi Jinja nikakuta kumbukumbu tupu, maharusi wako mlangoni; kilichoniokoa ni daftari ambamo nilikuwa nimeandika muda, viwango na mpangilio wa kila programu. Kwa wenye mashine mpya: msisasishe programu endeshi wakati umeme unayumba. Ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine inaweza isiwake tena.

Tunapiga adungu, kinubi cha asili, hapa Arua, tumebandika pikapu ya piezo, yaani kinasa mtetemo. Kupitia prosesa sauti ni kali na haina tumbo. Tuanzie na efekti gani?

Msianze na efekti. Pikapu ya piezo hutaka mlango wenye ukinzani mkubwa, ohmu milioni moja au zaidi. Mkiichomeka kwenye mlango wa laini wenye ohmu elfu kumi, sauti nzito hupotea kabla hazijafika kwenye programu yoyote, na hakuna ikwalaiza itakayorudisha kilichopotea mlangoni. Tumieni mlango wa gitaa au kisanduku cha kati chenye mlango wa ukinzani mkubwa. Kisha rekebisheni gaini (kiwango cha sauti inayoingia) mpaka vishindo vikubwa vifike desibeli 12 chini ya kikomo. Taa nyekundu ikiwaka hata kwa sekunde moja, sauti ya dijitali imeshakatwa kichwa. Baada ya hapo ndipo mpangilie: kompresa (ya kubana sauti kubwa) ya tatu kwa moja, ikwalaiza inayopunguza ukali karibu na Hz 3,000, na rivabu mwisho kabisa. Korasi, ile efekti ya kufanya sauti moja isikike kama nyingi, iacheni, maana nyuzi za adungu zina mtetemo wake na nyuzi zinazofuatana tayari hujibizana. Mkipiga ndani ya ukumbi wa bati, rivabu isizidi ile ya kwaya ya Mbale hapo juu. Mkipiga nje chini ya mwembe, ipeni sekunde moja na nusu, kwa kuwa huko hakuna ukuta wa kuirudisha sauti.